Mkweli Aliyekosea

Ukienda Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, nchi inapoteremka kuelekea Mto Tana, utakutana na wazee ambao korti haiwatishi sana lakini kithitu kinawanyamazisha. Kithitu ni kiapo cha Wakamba. Anayekiapia uongo, wanasema, hafi peke yake. Kifo kinaanza kupiga hodi katika ukoo wake, nyumba baada ya nyumba, mpaka mtu akiri. Hata D. J. Penwill, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeandika kitabu kuhusu sheria za kimila za Wakamba mwaka 1951, hakuweza kukiruka.

Nimekuwa nikikifikiria kithitu huku nikisoma hukumu za zamani za mahakama za Afrika Mashariki. Kithitu, Biblia, Kurani: vyote vinamwinda mtu mmoja, naye ni mwongo. Lakini kuna mtu mwingine ambaye hakuna kiapo kinachomshika. Huyu aliona. Anaamini alichoona. Anaapa kwa moyo safi, ananyoosha kidole bila kutetemeka, na amekosea. Kithitu hakimgusi, maana hakudanganya. Wakili anamsukuma huku na kule lakini hayumbi, kwa sababu hana cha kuficha. Anayelipa ni yule aliye kizimbani.

Sasa, kizimbani nani anaamua? Hiyo ni historia yenye rangi, na ninaposema rangi namaanisha ngozi.

Wakati wa mkoloni, Mzungu akishtakiwa kwa kosa kubwa Kenya alikuwa na haki ya juri: raia wenzake, Wazungu watupu, ambao neno lao ndilo uamuzi. Juri ya namna hiyo ndiyo iliyomwachilia Sir Jock Delves Broughton Julai 1, 1941, katika kesi ya kuuawa kwa Lord Erroll. Na juri ya namna hiyo ndiyo iliyomtia hatiani Peter Poole kwa kumpiga risasi Kamawe Musunge mwaka 1959. Alinyongwa Agosti 1960, Mzungu wa kwanza Kenya kunyongwa kwa kumuua Mwafrika.

Mwafrika yeye hakupewa juri. Alipewa washauri wa mahakama, wazee wawili au watatu wanaokaa karibu na jaji, wanasikiliza kesi, kisha kila mmoja anatoa maoni. Jaji anaandika, anashukuru, halafu anaamua anavyotaka. Juri ilitoweka, washauri wakabaki kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu miaka mingi baada ya uhuru, hadi sheria ilipowaondoa mwaka 2007. Kesi zilizokuwa zimeanza ziliendelea nao. Ndiyo maana katika kesi ya Tom Cholmondeley, mjukuu wa ukoo wa Delamere aliyeshtakiwa kumuua Robert Njoya, washauri wawili walisema hana hatia, na Mei 2009 jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Je, tulipoteza kitu walipoondoka? Marekani watu walijaribu kupima jambo kama hilo. Mwaka 1966 Harry Kalven na Hans Zeisel wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti wa kesi 3,576 ambapo majaji waliulizwa wangeamua vipi kama hakungekuwa na juri. Karibu mara nane kati ya kumi, jaji na juri walikubaliana. Walipotofautiana, mara nyingi juri ndiyo iliyokuwa upande wa mshtakiwa. Yaani raia wa kawaida si wajinga kama mawakili wanavyopenda kudhani, lakini pia si waganga. Anayewachanganya wao anaweza kumchanganya hata jaji, na mchanganyaji mkubwa ni yule mkweli wetu aliyekosea. Mwaka 1979 Gary Wells na wenzake waliigiza wizi mbele ya watu, kisha wakawaleta kama mashahidi. Waliosikiliza waliwaamini waliokosea karibu sawa na walivyowaamini waliopatia. Kilichowavuta ni jinsi shahidi alivyojiamini.

Kwa nini mtu mwaminifu anakosea? Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake Remembering cha mwaka 1932, anasimulia juu ya mchungaji mmoja huko Swaziland. Aliombwa ataje ng'ombe walionunuliwa kama mwaka mmoja nyuma. Akawataja mmoja mmoja: rangi, alama, bei, aliyeuza. Makosa yalikuwa mawili tu, madogo.  Lakini Bartlett alipowapima Waswazi kwa mambo mengine, kumbukumbu yao haikuwa tofauti na ya watu wa Uingereza. Ng'ombe walikaa kichwani kwa sababu ng'ombe ndio maisha.

Hapo nilimwona umau wangu. Mbuzi wake akipotea, angemtambua miaka miwili baadaye katikati ya soko, kwa sikio tu. Lakini umwamshe saa nane za usiku, watu watatu asiowajua wako mlangoni, mmoja ana panga, tochi inammulika machoni. Halafu baada ya wiki tatu umuulize: ni huyu? Hiyo si kumbukumbu ya mbuzi. Macho yalikuwa kwenye panga.

Tena kumbukumbu haikai kama picha kwenye simu. Inaundwa upya kila ukiulizwa, na swali lenyewe linaingia ndani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa yalikuwa yakienda kasi gani yalipogongana, wengine yalipopondana. Baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Wa "gongana" waliosema ndiyo walikuwa 7 kati ya 50. Wa "pondana," 16 kati ya 50. Kwenye filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Sasa fikiria afisa kituoni anayekuuliza, "Yule mrefu mwenye kovu, unamkumbuka?" Kovu limeshaingia.

Kilichonishangaza ni kwamba mahakama zetu zilishalijua jambo hili kabla ya maabara. Mwaka 1936, katika kesi ya Mwango s/o Manaa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka masharti ya gwaride la utambulisho. Mshukiwa asimame na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Afisa anayepeleleza kesi asiliendeshe yeye. Na shahidi aambiwe kwamba mshukiwa huenda yupo, huenda hayupo. Sharti hilo la mwisho lilikuja kupimwa Marekani na Roy Malpass na Patricia Devine mwaka 1981, wakaona kwamba shahidi asipoambiwa hivyo, huchagua mtu hata kama mhalifu hayupo kwenye mstari. Miaka 45 baadaye!

Mwaka 1953, katika Abdala bin Wendo, mahakama hiyohiyo ikasema ushahidi wa shahidi mmoja aliyemtambua mtu katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, majaji wakakumbusha maneno ya mkuu wa sheria wa Uingereza: kama kuna watu wasio na hatia wanaofungwa, basi tisa kati ya kumi ni kwa sababu ya kutambuliwa vibaya. Ilikuwa makisio tu. Vipimo vya DNA vilipoanza kuwafungulia wafungwa Marekani, karibu saba kati ya kumi wa mwanzo walikuwa wamefungwa kwa msaada wa shahidi aliyekosea mtu. Makisio hayakuwa mbali.

Basi tatizo letu si ujinga. Tatizo ni umbali kati ya kitabu cha hukumu na meza ya kituo cha polisi usiku wa manane. Taa ilikuwa gani? Mwezi ulikuwepo? Ulimwona kwa muda gani? Ulisema nini mara ya kwanza, kabla mtu hajakuonyesha mtu? Mzee mshauri kutoka huku kwetu angeuliza la mwezi bila kufundishwa, maana anajua usiku wa Tseikuru unakuwaje. Lakini hata zamani, kesi inayotegemea usiku na panga kuliko zote haikumfikia. Wizi wa mabavu husikilizwa na hakimu peke yake, bila mshauri, na tangu miaka ya 1970 adhabu yake ni kifo. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, ndiyo, lakini waliendelea kuhukumiwa. Mwaka 2016 rais aliwabadilishia adhabu 2,747 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikasema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua: ilikuwa ikizungumzia mauaji. Wizi wa mabavu haukuwemo.

Na kuna mahakama nyingine ambayo sisi wa mjini tunaijua zaidi. Mtu mmoja anapiga kelele, "Mwizi!" Kidole kimoja kinanyooka. Tairi linatafutwa. Wakamba wa kale walikuwa na king'ole, adhabu ya jamii kumuua mtu aliyeshindikana, nayo ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1932 wanaume 60 wa Ukambani walihukumiwa kifo Nairobi kwa kumuua mwanamke waliyeamini ni mchawi, kabla adhabu kubadilishwa. Lakini hata king'ole, kwa desturi, ilidai wazee wakae, wazungumze, na ndugu wa karibu wa mshtakiwa akubali. Stage ya matatu haimngoji ndugu wa mtu.

Siku moja simu yako itanyakuliwa, au utasimama kando wakati ya mwingine inanyakuliwa, na mtu atakugeukia akuulize, "Ni huyu?" Sheria ya mwaka 1936 inakupa jibu ambalo wengi hawajui wanaruhusiwa kulitoa: huenda hayupo hapa. Kusema "sina hakika" si woga, wala si kumtetea mwizi. Mwongo ana kithitu cha kumfuata. Wewe uliye mkweli, hakuna atakayekufuata ukikosea, kwa hiyo ni juu yako kujiuliza kwanza.