Desemba ya Mwaka Shufwa

Shule zinapofungwa Desemba, binti wa Kikurya wa Tarime au Serengeti huangalia kwanza ni mwaka gani. Msimu wa tohara, ya wavulana na ya wasichana, kwa kawaida huangukia mwaka unaogawanyika kwa mbili: 2014, 2016, 2018, 2020. Wazee wa mila ndio wanaoufungua. Asiyekeketwa huitwa msagane, na neno hilo humfuata kisimani na hata ukweni. Akishakeketwa, huhesabiwa mwanamke wa kuolewa, na mazungumzo ya ng'ombe huanza.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoingiza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilikwama kwenye jina la kosa: ukatili kwa watoto. Kinamhusu anayemlea mtu aliye chini ya miaka 18. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Fedha hiyo leo hainunui dume la maana mnadani.

Hatusemi sheria haikufaa kitu. Imewapa polisi pa kushika, na imewapa wasichana sababu ya kukimbia. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa akiwa na miaka 13 akavuja damu nusura afe, ndiye aliyeongoza nyumba salama iliyofunguliwa Mugumu mwaka 2014. Vijiji vingi havikuwa kwenye ramani, hivyo watu wa kujitolea wa Crowd2Map, wengi wao walio mbali na Mara, walichora njia na nyumba kutoka picha za setilaiti ili waokoaji wasipotee usiku.

Lakini sheria iliona mtoto, haikumwona mwanamke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake mwaka 1985, na Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Itifaki hiyo inakataza ukeketaji bila kutaja umri. Ukivuka mpaka wa Sirari unakuta Wakurya walewale chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2011, inayomlinda mwanamke wa umri wowote. Daktari mmoja aliipinga, akidai mtu mzima ana haki ya kuchagua. Mahakama Kuu ya Kenya ilimkatalia mwaka 2021. Upande wa huku, aliyetimiza miaka 18 hubaki na makosa ya kawaida ya kujeruhi, kana kwamba aligombana na mtu kilabuni.

Tuhesabu basi. Msichana aliyekimbilia nyumba salama Desemba 2020 akiwa na miaka 15, Desemba 2024 alikuwa na miaka 19. Mwaka ulikuwa shufwa tena, na wakwe bado walikuwa wakiuliza kama ni msagane.