Posho ya Mama Ni Kiasi Gani? Historia Fupi ya Hesabu ya Chakula



Kamati yetu iliniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Labda wengi mlitegemea mwalimu ataandika juu ya vita na njia tulizokimbilia. Hayo wazee wetu huyaeleza vizuri kuliko mimi. Nimechagua historia ya kitu ambacho tumekipangia foleni miaka mingi bila kujua kimetoka wapi, yaani hesabu ya chakula cha mtu mmoja kwa siku moja.

Sababu yake ni swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukifanya hesabu za asilimia katika darasa la sita, na mfano wangu ulikuwa wa mgao. Msichana mmoja akataka kujua kama mama yake, anayenyonyesha, huhesabiwa mtu mmoja au watu wawili. Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na ninalileta hapa mbele yenu nyote, wakaaji na wafanyakazi wa mashirika pamoja.

Neno posho

Hapa Arua na Koboko tukisema posho tunamaanisha unga wa mahindi, au ugali wake. Lakini katika Kiswahili cha tangu zamani posho ni fungu la chakula apewalo mtu aliye kazini au safarini. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, mpagazi alipimiwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu gramu 700. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na wapagazi wa Afrika Mashariki nao walilishwa kwa posho. Hatimaye huku Uganda jina la fungu likawa jina la chakula chenyewe.

Tuangalie jambo moja. Kibaba kile kilipimwa kwa mwanamume mwenye mzigo kichwani. Mke na watoto aliowaacha nyumbani hawakuwamo katika kipimo hicho.

Wataalamu na kalori

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula. Kalori moja, kama inavyotajwa katika habari za lishe, ni joto la kutosha kupasha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima vyakula vingi na kutengeneza majedwali ambayo mengine yake yanatumika hata leo. Alipotaka kujua mahitaji ya familia, alimweka mwanamume mfanyakazi kuwa kipimo kizima, yaani 1, na mwanamke akamhesabu 0.8.

Mwaka 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa hesabu yake ya kwanza kwa ulimwengu mzima. Lilichora mwanamume wa mfano, mwenye miaka 25 na kilo 65, likampa kalori 3,200 kwa siku. Mwanamke wa mfano alikuwa na kilo 55, naye akapewa 2,300.

Kabla ya hapo, mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilifanya jaribio la njaa kwa vijana 36 waliojitolea. Kwa miezi 6 walikula karibu kalori 1,570 kwa siku. Walipoteza kama robo ya uzito wao, wakaishiwa nguvu, wakawa wepesi wa hasira, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Wote 36 walikuwa wanaume. Naomba tuikumbuke hiyo 1,570, kwa maana tutairudia.

Wenyeji wetu nao walipanga foleni

Historia hii si ya wageni tu. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Wakakwa, Walugbara na wengine wa Arua na Koboko walikaa miaka katika makazi ya Yei na kwingineko, wakingoja lori la chakula kama sisi. Mwanachuoni Barbara Harrell-Bond aliishi kati yao, na mwaka 1986 akatoa kitabu kuhusu msaada ule na makosa yake. Walirudi kwao katika miaka ya 1980, na si muda mrefu wakawapokea Wasudani, kisha Wakongo. Mzee wa Koboko anayetupa kipande cha shamba anajua maana ya kikombe cha kupimia kisichojaa.

Kutoka 1,900 hadi 2,100

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Geneva kuzungumza juu ya lishe wakati wa maafa. Siku zile kalori 1,900 ndizo zilizochukuliwa kuwa kiasi cha kuanzia kwa mtu mmoja katika dharura.

Mara ikaonekana kwamba hata kalori peke yake hazitoshi. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakipata karanga katika mgao wao. Ugavi wa karanga ulipokatika, ukazuka ugonjwa wa pelagra, unaotokana na ukosefu wa vitamini ya naiasini. Ngozi hubabuka palipopigwa na jua, mtu huhara, na mwisho akili huvurugika. Katika mwaka 1990 waliugua watu zaidi ya 17,000, na wanawake waliugua kuliko wanaume kwa mbali sana. Mahindi yalikuwepo. Kilichokosekana ni karanga.

Mwaka 1997 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, na UNHCR walikubaliana kutumia kalori 2,100. Mfano wa mgao wa namna hiyo kwa siku ni unga wa mahindi gramu 400, maharage gramu 60, mafuta gramu 25, unga wa uji wenye virutubisho gramu 50, sukari gramu 15, na chumvi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. 2,100 si mahitaji ya mwanamke, wala ya mwanamume. Ni wastani wa kambi nzima: watoto wachanga, vijana, akina mama na wazee wote wamejumlishwa na kugawanywa, tena kwa kudhani kwamba watu wazima wengi hufanya kazi nyepesi.

Mwili wa mama

Basi mama anahitaji kiasi gani? Tumchukue mama wa kilo 55. Akilala kitandani usiku na mchana bila kuinuka, mwili wake hutumia karibu kalori 1,300 kwa kupumua, kusukuma damu na kujitunza. Kwa kazi za wastani za kila siku hufika karibu 2,300. Akilima kwa jembe, akatembea mbali kutafuta kuni na kubeba jerikani ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji juu ya kichwa, anaweza kufika 2,600.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokutana mwaka 2001 waliongeza hivi: mwenye mimba katika miezi mitatu ya mwisho, kalori 475 kwa siku juu ya mahitaji yake ya kawaida. Anayenyonyesha katika miezi sita ya kwanza, kalori 505, na hiyo ni kwa mama aliyenenepa vya kutosha wakati wa mimba. Aliyekonda anahitaji nyongeza ya 675. Kalori 500 ni kama gramu 140 za unga wa mahindi, au gramu 90 za karanga.

Nyumba mbili

Nilirudi darasani na hesabu ya nyumba mbili za mfano.

Nyumba ya kwanza ina mama anayenyonyesha mtoto wa miezi 4, na watoto wengine wa miaka 3, 5 na 8. Mama anahitaji 2,800. Watoto watatu wanahitaji kama 1,200, 1,400 na 1,750. Mchanga anakula kupitia kwa mama. Jumla ni 7,150. Kama wote watano wameandikwa kwenye kadi, mgao kamili ni 10,500. Chakula kinatosha, na ziada inalipa mashine ya kusaga, sabuni na daftari.

Nyumba ya pili ina mama, wavulana wa miaka 16 na 14, na msichana wa miaka 12. Mama anahitaji 2,300, wavulana kama 3,200 na 2,900, msichana 2,200. Jumla ni 10,600. Kadi yao ni ya watu wanne, yaani 8,400. Hata kwa mgao kamili wamepungukiwa na 2,200 kila siku. Na sote tunajua ni nani atakayesema kwamba hana njaa. Katika nyumba zetu nyingi anayepika ndiye anayekula mwisho, naye hukwangua sufuria.

Wastani unafanya kazi pale tu ambapo wadogo ni wengi, na sehemu wasiyoimaliza inakwenda kwa mama. Kwa mwanamke anayeishi peke yake, au bibi anayelea wajukuu wakubwa, hakuna wa kumwachia sehemu hiyo.

Miaka ya kupunguzwa

Mwaka 1999 serikali ya Uganda na UNHCR walianza mpango wa kujitegemea katika wilaya za Arua, Adjumani na Moyo. Mkimbizi alipewa ardhi, na mgao ulipungua kadiri alivyotegemewa kuvuna. Lakini waliofika kwa wingi tangu 2016 walipewa viwanja vya mita 30 kwa 30, na ardhi nyingine ni mawe. Makazi ya Rhino Camp na Imvepi, yaliyokuwa Arua na ambayo sasa yako Terego na Madi-Okollo, yanalijua hilo. Nasi wa Lobule, iliyofunguliwa Koboko mwaka 2013, tunalijua.

Kisha fedha za wafadhili zikapungua. Aprili 2020 WFP ilishusha mgao nchini hadi asilimia 70. Februari 2021 ukawa asilimia 60, na baadaye ukatofautiana kwa maeneo. Tangu Julai 2023 nyumba ziligawanywa katika makundi matatu: wenye shida zaidi asilimia 60, wa kati asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajitegemea hawakupata kitu. Mwaka 2025 karibu watu milioni moja waliondolewa kwenye msaada wa chakula Uganda.

Sasa tupige hesabu. Asilimia 70 ya 2,100 ni 1,470, chini ya walichokula vijana wa Minnesota. Asilimia 60 ni 1,260, chini ya kile ambacho mama wa kilo 55 hutumia akiwa amelala. Asilimia 30 ni 630. Kwa asilimia 60 ile nyumba ya kwanza inapata 6,300 na kupungukiwa na 850. Nyumba ya pili inapata 5,040, chini ya nusu ya mahitaji yake.

Siandiki haya kumlaumu anayepima. Anayesimama na kikombe siku ya mgao hakuamua kiasi. Naandika ili tusiambiane kwamba hesabu inatosha wakati haitoshi.

Tufanye nini

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, mnapopanga nyumba katika makundi, tazameni umri wa walio ndani pamoja na idadi yao, na mwulize nani ana mimba na nani ananyonyesha. Nyumba ya vijana wanne ina nguvu za kufanya kazi, ni kweli, lakini pia ndiyo inayokula zaidi.

Akina mama, mwenye kipande cha ardhi asipande mahindi tu. Karanga, simsim na kunde huota vizuri West Nile, na Malawi ya 1990 ilitufundisha thamani ya karanga. Mwenye mimba na anayenyonyesha wasisite kwenda kliniki kuuliza kuhusu chakula cha nyongeza.

Akina baba na vijana wa kiume, mama akinyonyesha, jerikani na kuni ziwe zenu. Kila safari ya maji anayopunguziwa ni nguvu inayobaki mwilini mwake. Na apakuliwe mapema, si mwisho.

Kwa mwanafunzi wangu jibu ni hili. Wewe na mdogo wako mna nafasi zenu kwenye kadi, na mama yako amehesabiwa mtu mmoja. Mgao ulipokuwa kamili, sehemu ya mdogo wako asiyekula bado ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama. Mgao ulipokatwa, sehemu hiyo ndiyo iliyotoweka kwanza. Ulikuwa na haki ya kuuliza.