Ile Rangi Iliyotoka Haikuwa Uchafu

Wacha nianze na kukiri. Baada ya kumaliza kidato cha nne, nilifanya kazi miezi michache mahali pa kuosha magari hapa Nairobi. Siku moja mteja akaleta gari lake lililotoka Japani juzi tu, viti vya ngozi rangi ya krimu. Kiti cha nyuma mtoto wake alikuwa amekichora na kalamu ya wino. "Kijana, hiyo nataka iishe." Nikasema sawa mkubwa.

Msee aliyetutangulia kwa kazi akanipa thina kwa kitambaa. Manze, wino ulitoka mara moja! Nikaendelea kusugua. Kitambaa kilikuwa kinatoka na rangi ya krimu, nami nikajua huo ndio uchafu wenyewe. Niliposimama kuangalia, kiti kilikuwa na kiraka cha kijivu saizi ya sahani.

Mteja hakupiga kelele. Aliangalia tu, akaenda ofisini kwa bosi. Mshahara wangu wa mwezi huo uliishia hapo.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule msee. Halafu nikaanza kusoma historia ya hii kitu inaitwa ngozi ya gari, na leo nina maoni tofauti. Pale kazini tulikuwa na dawa tatu: sabuni ya kipande, mafuta na thina. Hakuna hata moja iliyokuwa ujinga. Kila moja ilikuwa ushauri mzuri kabisa, lakini wa kitu kingine, wa zamani nyingine. Tulirithi ushauri bila kurithi sababu yake.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya magari kulikuwa na farasi. Ngozi ya tandiko la farasi ilitengenezwa kwa magome ya miti, kazi ya miezi mingi shimoni. Hata Kenya tuliingia kwa biashara hiyo: wakati wa ukoloni, magome ya ule mti ambao watu wa Kati wanauita muthanduku yalikuwa yanapelekwa viwandani Thika na Eldoret ili kutolewa dawa ya kutengenezea ngozi. Ngozi ya namna hiyo iko wazi. Haijapakwa kitu juu, inakunywa maji, inakunywa jasho la farasi, na ikikauka inapasuka. Ndiyo maana iliundiwa sabuni yake na ikapakwa mafuta mara kwa mara. Ilikuwa na njaa kweli, na kuilisha ilikuwa akili.

Magari ya kwanza yalichukua ngozi hiyo hiyo kutoka kwa mikokoteni ya farasi. Na hapa kuna kitu kitakuchekesha. Katika magari ya matajiri ya enzi hizo, dereva alikaa mbele, nje kwenye mvua na jua, na ndiye aliyekalia ngozi. Tajiri alikaa nyuma ndani ya kibanda, kwenye kitambaa cha sufu au hata hariri. Ngozi ilikuwa kiti cha mfanyakazi kwa sababu inavumilia hali ya hewa! Ilikuja kuwa alama ya pesa baadaye, wakati magari yote yalipofunikwa na kampuni kama Connolly ya London, iliyoanza mwaka 1878 na ndugu wawili, zikajulikana kwa kuuzia Rolls-Royce, Jaguar na Ferrari. Kwa hiyo ukiona mtu anajigamba na viti vya ngozi, mwambie pole pole kwamba anakalia kiti cha dereva.

Sasa mabadiliko makubwa. Mwaka 1884 Augustus Schultz alipata hataza Marekani ya kutengeneza ngozi kwa chumvi za kromu badala ya magome. Kazi ya miezi ikawa ya siku chache. Ngozi ikitoka kwa kromu huwa na rangi ya buluu hafifu, na mpaka leo Kenya inauza nje ngozi nyingi ikiwa katika hali hiyo ya buluu, bila kumalizwa. Wengine ndio wanaipaka rangi na kula faida. Hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Rangi nayo ina hadithi yake. Mwaka 1856, jamaa wa miaka 18 tu anaitwa William Henry Perkin alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Akashindwa. Lakini chupani kulibaki kitu cha zambarau kinachoshika kitambaa. Hiyo ikawa mwanzo wa rangi za kiwandani zinazotokana na anilini, na ndiyo maana mpaka leo ngozi iliyotiwa rangi bila kupakwa kitu juu inaitwa ngozi ya anilini. Ni nzuri, ni laini, lakini ikimwagikiwa chai, chai imekaa.

Watengenezaji wa magari walitaka kitu kigumu zaidi. Kwa hiyo wakaanza kuipaka ngozi juu, kama unavyopaka ukuta. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, koti hilo lilikuwa lacquer ya nitroselulosi, jamii moja na rangi iliyoanza kupuliziwa bodi za magari ya Marekani miaka ya 1920. Sasa jiulize, lacquer hiyo inayeyushwa na nini? Thina! Fundi wa rangi ana thina ili aifanye rangi iwe nyepesi, na akikosea aifute yote. Yaani mimi nilichukua kitu kilichoundwa kuyeyusha rangi, nikakisugua kwenye rangi, halafu nikashangaa rangi imetoka.

Siku hizi viti vingi vimepakwa tabaka kadhaa: rangi yenyewe, halafu koti angavu la poliurethani la kuikinga. Ni kali kuliko lacquer ya zamani, lakini thina, asetoni na dawa ya kutoa rangi ya kucha bado zinaliharibu. Kwa hiyo unapogusa kiti cha ngozi cha gari la kawaida, hugusi ng'ombe. Unagusa rangi. Ng'ombe yuko chini.

Ukishaelewa hilo, ushauri wote wa zamani unajipanga wenyewe. Mafuta? Koti limefunga ngozi, hayaingii. Yanabaki juu yakinasa vumbi na kukufanya uteleze. Sabuni ya kipande na ya unga? Hizo ni za alkali, na ngozi yenyewe ina asidi kidogo. Ukizitumia kila wiki, koti na ngozi vinachoka. Ile sponji nyeupe ya kufuta madoa ukutani? Hiyo ni msasa uliojificha. Inatoa doa kwa kuondoa koti.

Kinachofanya kazi hakina maajabu. Fyonza vumbi kwanza, kwa sababu mchanga ukisuguliwa unakwaruza. Chukua dawa ya kusafisha ngozi iliyo ya maji na isiyo kali, uiweke kwa kitambaa au brashi laini, usimwage kwa kiti. Sugua kidogo kidogo, panguza, rudia. Ni afadhali kupita mara tano kwa upole kuliko mara moja kwa nguvu. Na kabla ya yote, jaribu chini ya kiti mahali hapaonekani, na kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi ya kiti, simama. Hiyo si takataka. Ni kiti kinakuaga.

Pia weka tone moja la maji. Likikaa juu kama kwa jani la sukuma, kiti kina koti. Likinyonywa na kuacha alama nyeusi, ni ngozi ya wazi, na hapo nenda taratibu sana au mwachie anayejua.

Doa la jinzi linahitaji kuelezwa. Ile buluu ya jinzi mpya haiingii mpaka ndani ya uzi, inakaa nje nje tu, ndiyo maana inachujuka vizuri mpaka tunaipenda. Ikichujuka kwa kiti cha krimu, inakaa juu ya koti kwanza. Ukiiwahi, inatoka kwa dawa ya kawaida. Ukiiacha miezi kwa jua la Nairobi, inazama, na hapo hakuna kusafisha tena, ni kupaka rangi.

Na kupaka rangi si aibu. Mafundi wa ngozi wamefanya hivyo tangu zamani. Unasafisha mafuta yote, unalainisha mpasuko kwa msasa mwembamba sana, unajaza na kijazio kinachopindika, halafu unapaka rangi ya ngozi iliyo ya maji, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke. Mwisho koti angavu. Kama ngozi imechanika kabisa, kitambaa kinabandikwa kwa chini kwanza. Rangi ya viatu usiweke. Itahamia kwa suruali ya mteja.

Kile kiraka changu cha kijivu kingetengenezwa hivyo. Lakini hakuna aliyejua pale, si mimi, si bosi, kwa hiyo iliyokatwa ikawa pesa ya mtu mdogo kabisa.

Hapo ndipo maoni yangu yako. Kazi za kuosha magari ni kati ya kazi za kwanza vijana wengi wa mjini hupata. Tunapewa ndoo, buti na gari la milioni kadhaa, halafu maarifa yanakuja kwa "fanya hivi, sisi hufanya hivi." Ikienda vizuri sifa ni za bosi. Ikiharibika deni ni lako. Hapana. Kama mwajiri anaweza kununua mashine ya kupiga maji, anaweza kutumia saa moja kumwonyesha kijana tofauti ya koti na uchafu.

Na wewe uliye na ndoo mkononi sasa hivi: ukiambiwa "tumia hii", uliza ilitengenezwa kufanyia nini. Mimi sikuuliza. Yule msee naye, nina hakika, hakuuliza wakati wake. Swali lingechukua dakika moja. Kutouliza kulinichukulia mwezi.