Kanyagio la breki linapodunda: chanzo chake na namna ya kulitengeneza

DEREVA anayeshuka kutoka mji wa Kwale, ulio juu ya vilima vya Shimba, kwenda kushika barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga pale Kombani, hana budi kutumia breki mara kwa mara. Katika mteremko kama huo ndipo hitilafu hii hujitokeza waziwazi. Kila anapokanyaga breki, kanyagio humsukuma mguu juu na chini mithili ya mapigo ya moyo, na kadiri gari linavyopunguza mwendo ndivyo mapigo yanavyopungua kasi.

Kwa vile gari bado linasimama, wapo wanaoendelea kubeba abiria kana kwamba hapana neno. Hatari yake ni kwamba dalili hiyohiyo yaweza kutokana na nati za gurudumu zilizolegea au beringi iliyochakaa, na hayo hayangoji.

Kinachotokea ni hiki. Magari mengi madogo yana diski za chuma katika magurudumu ya mbele, nazo hubanwa na pedi mbili kutoka pande zote. Diski ikiwa na unene ulio sawa kotekote, pedi hutulia. Sehemu moja ikiwa nene kuliko nyingine, pedi husukumwa nje kila sehemu hiyo inapopita, pistoni huyarudisha mafuta ya breki nyuma, na msukumo huo hufika mguuni. Tofauti ya sehemu mbili tu za mia za milimita moja yaweza kuhisiwa, nayo ni pungufu ya unene wa unywele.

Katika gereji nyingi utaambiwa kwamba diski imepinda kwa moto. Mara nyingi sivyo. Aghalabu chanzo ni kutu iliyojificha kati ya diski na habu, au nati zilizokazwa bila kulingana, moja kwa nguvu zote na nyingine nusunusu. Diski hukaa upande kidogo, ikawa yaigusa pedi mara moja katika kila mzunguko, hata wakati breki haijakanyagwa. Baada ya maelfu ya kilomita, mahali hapo huwa pamelika. Ndiyo sababu mdundo huzuka miezi kadhaa baada ya pancha kuzibwa, wakati mwenye gari amekwisha kusahau nani aliyezikaza nati hizo.

Pwani ina chanzo chake cha ziada. Hewa ya chumvi ya Diani na Msambweni hula chuma upesi, hasa katika mvua za masika. Gari likiegeshwa majuma kadhaa, kama yafanyavyo baadhi ya magari ya kubeba watalii biashara inapopungua mwezi wa Mei na Juni, kutu hutanda kwenye diski isipokuwa pale pedi ilipoegemea. Alama hiyo husikika mguuni siku gari linapotolewa. Ikiwa ni ya juujuu, hufutika baada ya kufunga breki kwa upole mara kadhaa katika barabara isiyo na watu. Ikiwa imeshika, haiondoki kwa njia hiyo. Chumvi hiyohiyo hugandisha pini za kalipa, pedi ikabaki imeishika diski na kuichoma moto bure.

Kabla ya kufungua chochote, tofautisha mdundo huu na ule wa ABS. Gari lenye ABS hutetemesha kanyagio kwa kasi dereva anapofunga breki ghafla penye utelezi au mchanga. Huo si ubovu, na mguu usiondolewe. Lakini ABS ikifanya hivyo kwenye lami kavu, gari likikaribia kusimama polepole, vihisio vya magurudumu vikaguliwe kwa uchafu na kutu.

Usukani ukitikisika pamoja na kanyagio, tazama magurudumu ya mbele. Usukani ukitulia na kiti kikatikisika, shuku ya nyuma. Kwa magari ambayo breki ya mkono hushika drami za nyuma, endesha polepole mahali patupu, bonyeza kitufe cha breki ya mkono na uivute taratibu bila kukiachilia. Mdundo ukirudi, drami imepoteza uduara wake.

Fundi aanze na lililo rahisi. Gari likiwa kwenye stendi imara, wala si jeki peke yake, atikise gurudumu kwa mikono apime beringi. Kisha aivue diski, asugue habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, na apime unene wa diski kwa maikromita mahali pasipopungua sita. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida huwa umechorwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa nyama ingalipo, diski yaweza kukerezwa. Ikiwa imekwisha, itupwe, na zinunuliwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, na pedi mpya. Kukereza diski iliyokwisha konda ni kuokoa fedha mahali pasipostahili, kwa kuwa diski nyembamba hupata moto upesi zaidi.

Nati zikazwe kwa kuvukanavukana, si kwa kuzunguka, kwa spana yenye kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa Toyota ndogo nyingi ni Nm 103.

Pedi mpya zizoeshwe: punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe kidogo katikati. Ukisimama huku zimeshika moto na mguu ungali umekanyaga, pedi huacha doa kwenye diski, na mdundo huanza upya.

Katika mteremko wa Kwale, tia gia ndogo mapema ili injini ilizuie gari, na usiyapeleke magurudumu yenye moto kumwagiwa maji baridi mara ufikapo chini.