Wishwa na Kufa kwa Seli Mbovu

Msomaji, ukiwa Masalani, karibu na mto Tana, ukaona mahindi yakipepetwa na kuku wakimwagiwa wishwa, usidhani kuwa kinachotupwa hakina thamani. Wishwa una mahali pake katika historia ya utabibu.

Mwaka 1946 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alikwenda kutumika Uganda. Alikuwa na jicho moja tu, lakini aliona ambayo wenye macho mawili hawakuyaona. Baadaye aliziandikia hospitali nyingi za mashambani katika Afrika, akiuliza habari za maradhi yaliyoonekana huko. Majibu yalionyesha kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra, hali katika Ulaya na Marekani ilikuwa tele. Mwaka 1971 alieleza sababu aliyoidhania: watu wa mashamba walikula chakula chenye makapi mengi, na wale wa ng'ambo walikula unga uliokobolewa.

Wako waliotia shaka, nao walikuwa na haki, kwani si kila mgonjwa aliyefika hospitali. Tena, makapi yawezaje kuzuia uvimbe?

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza namna seli zinavyokufa kwa utaratibu. Kifo hicho walikiita apoptosisi, neno la Kiyunani lenye maana ya kupukutika, kama majani ya mti. Kisha ikajulikana kuwa bakteria wa utumboni huchachua makapi, wakatoa asidi iitwayo butireti. Seli nzima huifanya chakula chake. Lakini seli nyingi za uvimbe hupendelea sukari. Katika maabara ilionekana kuwa butireti hurundikana ndani yake, ikaamsha amri ya kufa, nazo zikapukutika. Mwili nao una vichocheo vya ukuaji, kama kile kiitwacho TGF-beta, ambacho huziamuru seli za utumbo zisizidi kiasi, na pengine zife. Seli za saratani mara nyingi huwa viziwi kwa amri hiyo.

Basi usidhani kuwa wishwa ni dawa ya aliyekwisha kuugua. Aonaye damu chooni hana budi kwenda kwa daktari upesi. Lakini siku hizi, unga mweupe ukienea na saratani hii ikizidi kuonekana Afrika Mashariki, usikionee haya chakula cha bibi zako. Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akawafundisha watu wa kwao kula vivyo hivyo.