Kina cha Rufiji na Meli Kubwa

Mtu asimamaye juu ya daraja la Mkapa, karibu na Ikwiriri, akautazama upana wa Rufiji, huenda akajiuliza: Mto mkubwa kiasi hiki ulikosaje bandari ya meli kubwa? Swali ni la haki. Jibu lake si upana, bali kina.

Rufiji huteremka na tope la bara. Tope lile lile limpalo mkulima wa Ikwiriri mpunga ndilo limnyimalo nahodha njia, kwa kuwa kwenye milango ya mto hugeuka mafungu. Mikondo nayo haitulii: mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi yalihamia matawi ya kaskazini ya delta. Mashua na majahazi yaliyofuata boriti za mikoko yaliipatana tabia hiyo, yakaingia maji yakijaa na kutoka maji yakipwa. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Meli kubwa moja ilijaribu. Tarehe 8 Agosti 1914 Wajerumani walizamisha gudi lao lenye kuelea mlangoni mwa bandari ya Dar es Salaam ili kumzuia adui. Kumbe waliifungia nje manowari yao wenyewe, Königsberg. Manowari hiyo, yenye urefu wa mita 115 na kuzama majini zaidi ya mita 5, ikajificha katika delta ya Rufiji. Haikuingia kwa kubahatisha. Meli ya upimaji, Möwe, ilikuwa imekwisha kutia bildi katika mikondo ile kabla ya vita, na nahodha Max Looff alikuwa na ramani mkononi.

Lakini maficho yakawa kifungo. Waingereza waliigundua tarehe 30 Oktoba 1914, wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkondo mmoja. Wala manowari zao kubwa hazikuweza kuifuata ndani. Mwisho wakaleta kutoka Malta vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyoundwa kwanza kwa ajili ya Brazili na mto Amazon, visivyozama hata mita 2. Vikisaidiwa na ndege za kuangalia shabaha, viliipiga Königsberg tarehe 6 na 11 Julai 1915, hata mabaharia wake wakaimalizia wenyewe. Ushindi ulikwenda kwa chombo kilicholingana na maji.

Tuyapime ya leo kwa kisa hiki. Mwaka 2017 ilianza kazi ya kuiongezea kina bandari ya Dar es Salaam, gati namba 1 hadi 7 zipate kina cha mita 14.5. Pale uchimbaji una maana, kwa sababu hori lile halimwagiwi tope na mto mkubwa. Kuchimba mlango wa Rufiji kungekuwa kushindana na mto kila masika. Tena Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na tope linalobaki bwawani halifiki tena mashambani wala mikokoni. Hivyo vipimo vya zamani havitoshi.

Basi anayepanga bandari asianze na mashine ya kuchimbia. Aanze na bildi, amwulize mvuvi mkondo umehamia wapi, na amwulize mkulima tope limekwenda wapi. Looff alijua kina cha mto; hakuweza kuubadili.