Jinsi ya kutengeneza na kumalizia sanduku la sabufa nyumbani: mwongozo kwa mafundi wa makazi ya wakimbizi nchini Uganda

Katika makazi kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, muziki ni kazi. Harusi inahitaji spika, kanisa linahitaji spika, msiba nao unahitaji spika ili wanaokaa mbali na turubai wasikie matangazo. Vijana wengi hutuuliza namna ya kuanza biashara ya kukodisha vyombo. Mara nyingi tayari wana spika ya inchi 12 iliyotolewa kwenye gari, lakini hawana sanduku, au wana sanduku linalovuma na kutetemeka bila kutoa besi.

Makala hii inakueleza hatua kwa hatua jinsi ya kujenga sanduku moja la sabufa ya inchi 12, kulimalizia lidumu, na kulitumia bila kuchoma nyaya wala kugombana na majirani. Isome yote kabla ya kununua chochote, hasa kama pesa unazotaka kutumia umekopa kwenye kikundi cha akiba.

Kwa nini spika inahitaji sanduku?

Spika ikisukuma hewa mbele, wakati huohuo inavuta hewa nyuma. Bila sanduku, hewa ya nyuma huzunguka na kuua ile ya mbele. Ndiyo maana spika ya besi ikiwekwa mezani peke yake hutoa sauti nyembamba, hata kama ni kubwa. Sanduku huzitenganisha hewa hizo mbili.

Kuna aina mbili za kawaida. Sanduku lililofungwa halina tundu jingine. Besi yake ni safi na si rahisi kukosea wakati wa kulijenga. Sanduku lenye bomba hufanya kazi kama chupa unayoipuliza mdomoni: hewa iliyo ndani ya bomba hucheza na kuongeza besi. Hutoa sauti kubwa zaidi kwa umeme uleule, lakini vipimo vikikosewa besi huwa mbaya, na spika inaweza kuharibika.

Ushauri wetu: kama hujui sifa za spika yako, anza na sanduku lililofungwa. Lisikilize. Tundu la bomba unaweza kulitoboa baadaye, lakini tundu lililokwisha kutobolewa ni shida kuliziba vizuri.

Unahitaji vifaa gani?

• Plaiwudi ya unene wa milimita 18, nusu karatasi (sentimita 122 kwa 122). Karatasi nzima ya futi 8 kwa 4 inatosha masanduku mawili.
• Gundi nyeupe ya mbao na skrubu za sentimita 4 hadi 5.
• Vipande vya mbao vya sentimita 2 kwa 2 vya kuimarisha kona kwa ndani.
• Bomba la plastiki la maji machafu la inchi 4, kama unajenga sanduku lenye bomba.
• Msasa mkavu wa aina tatu: wa kukwaruza, wa kati na laini.
• Puti ya mbao, vanishi au rangi ya mafuta, na brashi.
• Kona za chuma, vishikio viwili na miguu minne ya mpira.
• Waya mnene wa shaba, na fyuzi.

MDF ni rahisi kukata na haina mafundo, lakini ikilowa huvimba na hairudi tena. Kwa chombo kitakachopakiwa kwenye bodaboda msimu wa mvua, plaiwudi nzuri ni salama zaidi. Usitumie ubao wa milimita 9 au 12 ili kupunguza gharama. Ubao mwembamba hutetemeka, na nguvu unayoilipia kwa betri hupotea hapo.

Turubai ulilopewa kwa ajili ya nyumba si la kufunikia sabufa. Tafuta kipande cha turubai kuukuu au kapeti.

Vipimo vya kukata

Mpe fundi seremala vipimo hivi. Vyote ni kwa sentimita.

• Juu na chini: vipande 2 vya 41.6 kwa 38.6
• Pembeni: vipande 2 vya 38.6 kwa 50
• Mbele na nyuma: vipande 2 vya 38 kwa 50

Vipande vya mbele na nyuma vinaingia katikati ya vile vingine vinne. Ukiunganisha, nafasi ya ndani itakuwa 38 kwa 50 kwa 35, yaani lita 66 na nusu. Spika, bomba na vipande vya kuimarisha vitachukua karibu lita 6, kwa hiyo hewa inayobaki ni kama lita 60. Kiasi hicho kinafaa spika nyingi za inchi 12. Kama spika yako ilikuja na karatasi yenye ukubwa wa sanduku unaopendekezwa na kiwanda, fuata karatasi hiyo kwanza.

Mwambie fundi akate kwa mashine ya mezani kama ipo. Ukingo uliopinda kwa milimita 3 utaacha ufa, na hewa itapita hapo ikipiga mluzi.

Hatua za kujenga

1. Pima tundu la spika. Usiamini neno "inchi 12". Pima spika yako mwenyewe nyuma ya ukingo wa chuma. Spika nyingi za aina hii huhitaji tundu la sentimita 28 hivi. Chora duara kwa msumari, uzi na penseli, kitovu kikiwa sentimita 18 kutoka juu ya ubao wa mbele.

2. Kwa sanduku lenye bomba, chora tundu la bomba kitovu kikiwa sentimita 8 kutoka chini. Pima upana wa ndani wa bomba. Ukiwa sentimita 10, kata urefu wa sentimita 17. Ukiwa sentimita 10 na nusu, kata sentimita 19. Urefu huo unahesabu pia unene wa ubao. Kwa lita 60, sanduku litavuma vizuri kwenye hertzi 40, besi ya kutosha kwa muziki wa dansi na ngoma za kanisani.

3. Kata matundu, kisha yalainishe kwa tupa na msasa. Funga kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la plaiwudi na MDF lina gundi ya kiwandani na huumiza mapafu. Fanya kazi hii nje, watoto wakiwa mbali.

4. Unganisha vipande vya pembeni na vya juu na chini kwanza. Paka gundi kwenye ukingo wote, si matone matone. Toboa njia ya kila skrubu kwa kekee ndogo ili ubao usipasuke, kisha kaza kila baada ya sentimita 12 hadi 15.

5. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, sanduku limenyooka. Vikitofautiana, lisukume kabla gundi haijakauka.

6. Ingiza ubao wa nyuma, halafu wa mbele. Gundi vile vipande vya 2 kwa 2 kwenye kona za ndani. Kwa mabaki ya plaiwudi, weka mhimili mmoja wa sentimita 38 kutoka ubavu hadi ubavu, nyuma ya sumaku ya spika, na ubandike kipande kingine kwenye ubao wa nyuma ili usitetemeke.

7. Pitisha kidole chenye gundi kwenye kila kiungo kwa ndani. Acha sanduku likauke siku nzima. Usilijaribu usiku huohuo.

Kumalizia: kazi inayoonekana na kulinda

Wateja hukodisha wanachokiona. Sanduku lenye kona zilizochubuka hukodishwa kwa bei ya chini, hata kama sauti yake ni nzuri.

Ziba vichwa vya skrubu na nyufa kwa puti. Ikikauka, piga msasa wa kukwaruza, wa kati, kisha laini, ukifuata mkondo wa mbao. Viringisha kidogo kingo zote, kwa sababu rangi haishiki kwenye ukingo mkali. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na usubiri pakauke.

Paka koti tatu nyembamba za vanishi au rangi. Koti moja nene hutiririka na kubaki inanata. Kati ya koti na koti, pitisha msasa laini taratibu. Usisahau kupaka ndani ya tundu la spika na sehemu ya chini. Maji huingilia huko. Mwishoni funga kona za chuma, vishikio na miguu ya mpira.

Weka ukanda wa sponji nyembamba kati ya spika na ubao, kisha kaza skrubu kwa mshazari kama unavyokaza gurudumu. Kujaribu kama hewa inavuja, sukuma spika polepole kwa vidole vyote ukiwa umeziba bomba kwa kiganja. Ikirudi taratibu, sanduku limeziba. Ikirudi ghafla, tafuta ufa.

Umeme na betri: usikosee hapa

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye spika, kwa mfano "wati 1000", mara nyingi ni ya kishindo cha muda mfupi. Tafuta nguvu ya kudumu, iliyoandikwa RMS. Hakikisha pia ohm za spika zinakubaliwa na amplifaya. Amplifaya ya ohm 4 ikifungwa kwenye ohm 2 huchemka na kuungua.

Kwenye amplifaya, ruhusu sabufa ipokee sauti za chini ya hertzi 80 hadi 100 tu. Kama ina kitufe cha kukata besi ya chini kabisa, kiwashe kwa sanduku lenye bomba.

Betri ya asidi ya 12V yenye 100Ah isitumiwe zaidi ya nusu yake. Nusu hiyo ni 50Ah. Muziki ukivuta wastani wa ampea 10, una saa 5. Panga bei ya kukodisha kwa hesabu hiyo, si kwa matumaini.

Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusana huwaka moto, na katika nyumba za turubai na nyasi moto haungoji. Betri usiiweke ndani ya sanduku wala chumba wanamolala watu. Inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Majirani na sheria

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi na biashara. Hata hivyo, nchi ina kanuni za kudhibiti kelele, na besi hupenya ukuta wa udongo kuliko sauti nyingine. Kabla ya sherehe, mwarifu mwenyekiti wa RWC na wa LC1 wa eneo lako, na mkubaliane saa ya kuzima. Ukitaka kufanya kazi hii kila wiki, uliza ofisi ya kata kuhusu leseni.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wastani wa sauti kwenye kumbi za muziki usizidi desibeli 100. Huna kipimo? Ikiwa mtu aliye hatua moja kutoka kwako lazima apige kelele ili umsikie, sauti imezidi. Geuza sabufa mbali na wagonjwa, wazee na watoto wachanga.

Chombo kizuri hukodishwa tena pale tu majirani wanapokubali kirudi. Jenga polepole, pima mara mbili, na ukikwama muulize seremala aliye karibu nawe kabla ya kukata ubao.